Kumhasi mbwa mzee kwa ajili ya tezi dume: uzoefu wangu

Jimi ana miaka 8 na hakuwahi kuhasiwa. Ilianza na matone ya damu kwenye mkeka anaolalia, madogo kama punje za mtama. Nilidhani amejikata, nikamkagua nyayo, makucha, hata masikio. Wapi! Kumbe inamdondoka uumeni, tena si akikojoa bali akiwa amejilalia zake tu.

Kliniki ya kwanza walisema ni maambukizi ya mkojo, wakampa antibiotiki za siku 7. Mkojo wenyewe hawakuupima. Damu ikapungua, ikarudi, na safari hii akawa anachuchumaa na kujikamua weee, kinatoka kinyesi bapa kama utepe.

Daktari wa pili alivaa glavu, akaipaka mafuta, akaingiza kidole njia ya haja kubwa. Hata dakika haikuisha. Tezi dume imekua, akasema, lakini pande zote mbili zinalingana na Jimi halalamiki ikibonyezwa. Ingekuwa na maumivu na homa angeshuku maambukizi. Ingekuwa ngumu yenye mabonge angehofia saratani. Hii ni ile inayokuzwa na homoni za kiume kadiri dume anavyozeeka, na ikishakuwa kubwa inabana utumbo ulio juu yake. Ultrasaundi na kipimo cha mkojo vikaafikiana naye. Mimi sasa, kliniki isiyotaka kuchafua kidole kwa dume mzee naiona haijampima.

Kulikuwa na vidonge vya finasteride, ila ukiviacha tezi inakua tena. Nikachagua kumhasi, huku nikiogopa dawa ya usingizi kwa umri wake. Walimpima damu kwanza. Aliingia asubuhi, jioni akatoka anapepesuka, kola ya plastiki shingoni ikigonga kila mlango. Jeraha halikusumbua. Damu ilikoma wiki ya pili, na kufikia wiki ya nne kinyesi kilikuwa mviringo. (Ndiyo, nilikuwa nakikagua kila siku.) Ultrasaundi ya mwezi wa pili ilionyesha tezi imesinyaa sana.

Kliniki hii ya pili naipa nyota 4. Ya tano nimeikata kwa sababu mambo mawili niliyajua siku ya kutoa nyuzi: kwamba baada ya kuhasiwa mbwa hunenepa upesi, na kwamba kuhasi hakumkingi na saratani ya tezi dume, hivyo kile kidole bado kitamhusu kila mwaka. Jimi, tukifika pale mlangoni, anakalia mkia.