Kura kwa hisa au kura kwa mwanachama?

Ukinunua hisa za kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, uzito wa sauti yako ni hisa ulizo nazo. Safaricom ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, Wakenya wengi wa kawaida waliingia. Ila hisa zote za kampuni ni bilioni 40. Kura zikihesabiwa kwa hisa, mwenye hisa 2,000 hawezi kumng'oa mkurugenzi yeyote.

Kwenye Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ni mwanachama mmoja, kura moja. Kondakta wa matatu na mwalimu mkuu mwenye akiba nono wako sawa siku ya mkutano mkuu wa mwaka. Kondakta anasimama, anauliza mbona gawio limeshuka, na mwenyekiti inambidi ajibu mbele ya watu wanaomjua hadi nyumbani. Hilo nalithamini sana.

Lakini usawa wa kura peke yake haulindi pesa. Kuscco, mwavuli wa Sacco za Kenya, ilikutwa na pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13 baada ya ukaguzi maalumu. Hapa kampuni za sokoni hubanwa zaidi: mahesabu yao huchapishwa hadharani, na mwongozo wa utawala wa kampuni wa 2015 unataka angalau theluthi ya wakurugenzi wawe huru, yaani wasiofungamana na kampuni.

Akiba yangu ningeiweka Sacco, mradi ripoti ya mkaguzi inifikie kabla ya mkutano, si mlangoni asubuhi ile ile.