Tahadhari: Tapeli wa picha za jangwani, Alice Springs

Ndugu zangu mnaoishi Australia, na ninyi mnaotarajia kuja kutembea, jihadharini na yule bwana anayeuza picha za kuchora za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, kutoka kwenye gari lake hapa Alice Springs, mji wa jangwani katikati ya nchi, kwani ni tapeli wa kutupwa. Ile picha niliyoinunua kwake, mkanipongeza nayo, ni ya bandia.

Aliitandaza turubai iliyochorwa juu ya boneti, akaanza kunisomea kwa kidole, taratibu, kama mwalimu wa madrasa na mwanafunzi wake: miduara hii ni visima ambako dada saba wa hadithi ya mababu wa Waaborijini walipumzika, mistari hii ni njia waliyopita wakimkimbia Nyiru, mwanamume aliyemtamani mkubwa wao, na nusu duara hizi ni wao wenyewe wameketi, kabla ya kupaa angani na kuwa nyota za Kilimia. Maelezo hayo ni ya kweli, na ndiyo yaliyoninasa, maana nani angemshuku mtu anayeijua hadithi kwa undani kiasi hicho? Akanionyesha picha ya kamera ya bibi wa Kipitjantjatjara, mojawapo ya jamii za Waaborijini, ameshika turubai, eti ndiyo hiyo hiyo, akanipa na cheti chenye muhuri wa dhahabu, nami nikamhesabia dola 900 taslimu.

Nilipoipeleka kutiwa fremu, fundi aliigeuza, akaniuliza mbele ya wateja wengine namba iko wapi. Vituo vya wachoraji wenyewe, kama Papunya Tula, kampuni ya wachoraji wa kijiji cha Papunya iliyoanzishwa mwaka 1972, huipa kila kazi namba yake, na cheti hutaja jina la mchoraji na hadithi. Changu kilisema “msanii wa jangwani” tu. Isitoshe, turubai aliyoshika yule bibi ina miduara mitano. Yangu ina minne!

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hadithi za safari za mababu, kama hiyo ya dada saba, zina wenyewe, kwa ukoo na kwa ardhi, na hakuna anayejichorea tu. Hata picha za mwanzo za Papunya zililalamikiwa na jamaa za wachoraji kwa kuanika mambo ya siri. Huyu anauza patakatifu pa watu kama njugu!

Mwaka 2019 Mahakama ya Shirikisho iliitoza kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza vitu vilivyotengenezwa Indonesia kana kwamba ni kazi za Waaborijini. Huyu naye afikishwe huko huko, anyang'anywe gari na kila senti aliyochuma. Malalamiko yangu yamekwisha kufika kwenye tume ya kulinda watumiaji. Aliyeuziwa na mtu huyo apeleke yake, pamoja na cheti.