Fundi laptopu wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo: anapima kwanza ndo anataja bei

Kama laptopu yako ya nyumbani ukifungua brauza tu inastaki, kiduara kinazunguka mpaka unaenda kuchemsha chai unarudi bado kinazunguka, basi kabla hujampa mtu hela ya kupiga Windows upya pita kwanza kwa huyu fundi, ana kimeza chake ndani kwenye maduka ya simu pale Aggrey. Mi nampa nyota nne na nusu.

Yangu ni HP ya mtumba, prosesa (ubongo wa mashine) i5 kizazi cha sita, ramu (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) 4GB na hadidiski ile ya zamani ya kuzunguka. Fundi mwingine karibu na kwetu hata hajaiwasha kashasema piga Windows upya, elfu thelathini. Na mafaili yangu ya kazi? Eti yataondoka tu. Nikabeba laptopu yangu nikasepa.

Huyu wa Aggrey kitu cha kwanza kaniuliza, "Dada, na simu yako kwenye waifai hiyohiyo inaganda?" Nikamwambia hapana. Akawasha hotspoti ya simu yake, akafungua ukurasa uleule kwenye simu na kwenye laptopu, simu ikafungua fasta, laptopu ikabaki nyeupe. Hapo mtandao hauna kesi. Maana kuna siku kesi inakuwa ya mtandao kweli, tunakumbuka ile Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, siku ile hata ungekuwa na laptopu mpya ya milioni tatu ungeishia kuitazama tu.

Af akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akanigeuzia skrini nione mwenyewe: diski 100%, ramu karibu yote imejaa, na hapo nimefungua kurasa chache tu. Akanielewesha taratibu kwamba ramu ikijaa Windows inaanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika haiwezi kukimbizana na hayo mambo, ndo maana kila kitu kinaganda mpaka mshale wa mausi. Akaingia na kwenye Chrome yenyewe, akabonyeza Shift na Esc, ikatoka orodha inayoonesha kila ukurasa na kila kiongezi (kiprogramu cha kuongezea kwenye brauza) kinakula ramu kiasi gani. Kulikuwa na kiongezi cha kushusha video kinakula kuliko ukurasa wowote ule. Akakitoa palepale na hiyo hakunichaji hata mia.

Baada ya hapo ndo akataja bei: SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, ina kasi zaidi) ya 256GB shilingi 75,000, ramu ya kuongezea 4GB 35,000, ufundi 20,000. Hakufuta kitu, alinakili diski nzima ilivyo kwenda kwenye SSD, niliporudi jioni nikakuta mafaili yote yapo, mpaka paswedi zangu kwenye brauza, na diski ya zamani akanikabidhi mkononi. Feni nayo aliipuliza, lilitoka vumbi jamani, na kwa joto la Dar hilo si la kupuuza kwa sababu prosesa ikichemka sana inajipunguzia mwendo yenyewe.

Sasa hivi nafungua fomu za maombi ya chuo za mdogo wangu, barua pepe na YouTube kwa pamoja na haigandi, yaani ni laptopu nyingine kabisa.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni ruta. Nilitaka aniuzie mpya, akakataa, akasema ile ya nyumbani niitoe nyuma ya TV niiweke juu pasipozibwa, na nikikaa chumba hichohicho nitumie waifai ya 5GHz, nikiwa chumba cha mbali ile ya 2.4GHz maana hiyo ndo inapita ukutani vizuri. Pia kaniambia wazi kwamba mashine yangu Microsoft hawaikubali kwa Windows 11 na Windows 10 walishaacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025, kwahiyo nianze kujipanga taratibu kutafuta nyingine.

Ile nusu nyota nimeikata kwa sababu simu hapokei kabisa, na dhamana ya miezi mitatu anakutamkia tu mdomoni, mi nikamwomba aandike kwenye karatasi akaandika bila shida. Wewe pia omba.

Nenda asubuhi kabla ya saa nne, mchana pale hakuna pa kusimama. Na beba chaja yako.