Mashine nzuri, wauzaji sina hamu nao

"Dada, haya mambo yanataka watu waliosoma." Fundi wa duka lililoniuzia friza draya, mashine ya kukausha matunda kwa kuyagandisha, kaniambia hivyo kwenye simu huku mananasi yangu ya Kiwangwa yanaharibika kwenye treyi. Niliwapigia kwa adabu tu, nikamweleza geji ya presha imegoma kushuka tangu usiku, yeye hata hajauliza inasoma ngapi, anasema nanasi langu lina maji mengi. Sasa kaka, kuna tunda gani lisilo na maji? Si ndo kazi ya friza draya hiyo!

Hii mashine haikaushi kama jua wala oveni. Tunda linagandishwa kwanza mpaka liwe jiwe, halafu pampu inavuta hewa, presha ikishuka chini ya milibaa 6 barafu haiwezi tena kuwa maji, inaruka moja kwa moja inakuwa mvuke, na treyi zinatoa joto kidogo kidogo kuisukuma. Sasa kama hewa inaingia, hilo joto linayeyusha barafu basi, na ndo kilichonikuta: nanasi likatoa povu, likanywea, ukabaki utando wa sukari unanata kwenye treyi nzima.

Nikachukua tochi mwenyewe. Mlango ni plastiki ngumu inayoonyesha, mpira wa kuziba mlango ukibanwa vizuri unauona mstari mweusi unazunguka wote, wangu kona ya chini kushoto mstari umekatika, pana alama ya kukunjwa, yani ulitoka dukani hivyo. Na oili ya pampu imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa kwa sababu imemeza mvuke, wakati mvuke ulitakiwa ugande kwenye kondensa, ile sehemu ya baridi inayonasa mvuke, kabla haujafika huko. Presha ikiwa milibaa 1, gramu 1 tu ya barafu inakuwa mvuke zaidi ya lita 1,000, pampu gani ndogo itabeba huo mzigo? Nimewatumia picha zote, jibu lao eti waranti haihusu mpira.

Nilitaka niwape nyota 1 nimalize. Ila niseme ukweli, mpira mpya nimeupata kwa mtu mwingine, nikabadilisha oili, nikaweka fenesi, na jamani lile fenesi! Limetoka na umbo lake na rangi yake, jepesi, ukiling'ata linavunjika kwaa halafu utamu wote unarudi mdomoni, wateja wananunua kabla sijabandika lebo. Kwa mashine yenyewe basi nyota 4, nimepunguza 1 kwa umeme inaokula, inanguruma siku nzima na usiku wake na bado.

Sasa nilivyowapigia kuomba tu wanirudishie hela ya mpira, yuleyule fundi kapokea, kacheka, kakata simu. Hapana, 4 naifuta. Nunueni friza draya, ila msinunue kwao, na kokote mtakakonunua washeni pampu pale pale dukani muone geji inashuka ndo mtoe hela.