Viatu vya soli nyembamba kwa mkimbiaji wa Dodoma: kipi kinunuliwe kwanza

Nianze na jibu. Kwa mtu wa Dodoma anayetaka kuachana na raba za soli nene ili arekebishe namna anavyotua mguu, kiatu cha kununua kwanza ni kile kilicho bapa, kipana sehemu ya vidole, chenye soli ya wastani. Kile chembamba kabisa, kinachokunjika kama chapati, kije baadaye, na kwa wengine kisije kamwe.

Raba nyingi za kukimbilia huinua kisigino juu ya vidole kwa milimita 8 hadi 12. Mwinuko huo, pamoja na sponji, hukuruhusu kurusha mguu mbali mbele na kutua kwa kisigino bila kusikia kishindo. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba wakimbiaji waliozoea pekupeku, wakiwemo wa Kenya, walielekea kutua kwa mbele au katikati ya unyayo. Habari hiyo ilienea sana, na wengi wakaamini kwamba ukivua kiatu basi mwendo unajirekebisha wenyewe. Lakini mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine juu ya Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokulia pekupeku. Kwa mwendo wao wa kawaida wa mbio ndefu, asilimia 72 walitua kwa kisigino. Kwa hiyo kasi, ardhi na mazoea navyo vina sauti yao, na kiatu kinafanya sehemu tu ya kazi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Ukibadili namna ya kutua, mzigo hauondoki mwilini, unahama. Goti linapata nafuu, halafu vigimbi na ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino vinabeba zaidi. Mwenye goti linalosumbua anaweza kufaidika. Mwenye maumivu ya nyuma ya kisigino, aliyevunjika mfupa wa mguu hivi karibuni, au mwenye kisukari kilichompunguzia hisia za nyayo, asinunue chochote hapa kabla ya kuonana na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Sasa machaguo, kuanzia la juu.

1. Kiatu bapa, kipana, soli ya wastani

Hivi ni viatu ambavyo kisigino na vidole viko kimo kimoja, huku soli ikiwa na unene wa milimita 14 hadi 25 hivi. Kampuni ya Altra ndiyo iliyojijengea jina katika aina hii, na vidole hupata nafasi ya kutanuka kama vinavyotanuka ukiwa pekupeku. Merrell Trail Glove ni chembamba zaidi kuliko Altra nyingi, lakini soli yake ya nje ni imara na inakamata vizuri kwenye changarawe.

Nakiweka juu kwa sababu ya ardhi yetu. Ukiacha lami ukashika njia za vumbi za Ntyuka, utakutana na mbigili na miiba ya migunga iliyoanguka, na mwiba wa mgunga hauna huruma na soli ya milimita tano. Mtu anayekimbia huku akiogopa kuchomwa hukaza mguu na kukanyaga kwa wasiwasi, na mwendo wenyewe aliotaka kuurekebisha unaharibika. Soli ya wastani inakupa ubapa unaoutaka bila hofu hiyo. Pia inasamehe: siku umechoka ukarudia kutua kwa kisigino, hutalipa kwa mfupa.

2. Kiatu chenye mwinuko wa milimita 4

Saucony Kinvara ndiyo mfano unaojulikana. Ningempa mtu mzito, mtu aliyekimbilia soli nene kwa miaka mingi, na kina dada na kina kaka wa ofisini kule Mtumba, mji wa serikali, wanaoshinda na viatu vya kisigino toka asubuhi hadi jioni. Vigimbi vyao vimezoea kufupishwa. Kuvivuta ghafla hadi kimo sifuri ni kutafuta majeraha. Ubaya wake ni kwamba vingi ni vyembamba mbele, na vidole vinabanwa.

3. Katambuga

Sifanyi mzaha. Wararámuri wa Mexico wanajulikana duniani kwa mbio ndefu mno wakiwa na kandambili za tairi, na fundi wetu anashona kitu cha jamii hiyohiyo. Katambuga ni bapa, vidole viko huru, mwiba haupenyi, na kwa kawaida noti moja au mbili za elfu kumi zinamaliza kazi. Kasoro yake ni uzito na ugumu, kwa hiyo sikushauri ukimbilie kilomita tano. Nunua kwa ajili ya kutembea: sokoni, kanisani, msikitini, nyumbani. Mguu unajengeka kwa kutembea kuliko watu wanavyodhani. Mwombe fundi akukatie tairi lililolika, maana hupinda kirahisi zaidi, kisha pitisha kidole ndani kuhakikisha hakuna msumari uliochungulia.

4. Raba za turubai

Ni bapa na zinapatikana kila mahali. Nyingi zina pua nyembamba na mpira mzito. Zinafaa kutembelea kama huna katambuga, basi.

5. Soli nyembamba kabisa

Merrell Vapor Glove, Xero Shoes, Vivobarefoot, na Vibram FiveFingers vile vya vidole vitano. Ni viatu vizuri mno, na aliyekwisha kuzoea hapendi kurudi nyuma. Ila vikiwa vipya huko nje bei yake mara nyingi hufika au kupita dola 100, kabla ya usafiri na ushuru, na huwezi kujaribu namba kabla ya kulipa. Na hatari yake si ya kubuni. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wakimbiaji 36 kwa wiki 10. Kati ya 19 waliokuwa wakihamia FiveFingers taratibu, 10 walionekana kwenye vipimo wakiwa na uvimbe ulioongezeka ndani ya mifupa ya miguu. Mwaka uliofuata Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya madai kwamba matangazo yake ya faida za kiafya hayakuwa na ushahidi wa kutosha, ingawa haikukiri kosa. Muuzaji akikuambia kiatu chembamba kinaponya mgongo, muulize bei tu uendelee na safari.

Kuna pia wanaouliza kama soli nyembamba itawapa ushindi. Kwa siku ya mashindano, hapana. Kwenye mbio za dunia za Tokyo mwaka 2025, ambako Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa dhahabu ya marathoni, kanuni za mbio za barabarani ziliruhusu soli hadi milimita 40, na wakimbiaji wa kiwango hicho huutumia unene huo. Kiatu bapa ni cha kujenga mguu na mwendo.

Ukiwa mbele ya meza ya mitumba

Hapa ndipo wengi wetu tutanunulia, iwe soko la Sabasaba au penginepo, na sioni aibu yoyote. Mtumba halisi ni bora kuliko mpya wa feki. Nenda alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyovimba ukikimbia. Toa soli ya ndani, iweke chini, isimamie: vidole vikimwagika nje, kirudishe hata kama ni kizuri vipi. Kunja kiatu, kisha kisokote kama unayekamua nguo. Ubishi mkubwa maana yake soli ni ngumu. Kipime kwenye mizani ya duka la jirani. Ukipata kimoja chini ya gramu 250 uko pazuri.

Halafu kigeuze. Kama kisigino kimelika upande mmoja, mwenye kiatu wa kwanza amekuachia mwendo wake, na kitakuegemeza huko. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikiwa imekauka na hairudi, imekufa. Kwa kiatu chembamba hili halina uzito mkubwa, maana sponji yenyewe ni kidogo. Muuzaji atasema, "Kaka, hii orijino, jana tu imefunguliwa." Mjibu kwa upole, uendelee kukagua gundi kuzunguka soli.

Baada ya kulipa

Usizitupe raba za zamani. Wiki za mwanzo tembea tu na kiatu kipya, na panda na kushuka kwa vidole ukingoni mwa ngazi kuimarisha vigimbi. Kisha kimbia nacho dakika kumi, siku moja moja, kwenye nyasi za uwanja au vumbi lililoshindiliwa, mbio zako nyingine zikibaki kwenye raba za zamani. Ongeza kidogo kidogo, na hesabu kwa miezi. Wakati huohuo fupisha hatua: kuongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10 hupunguza mzigo wa goti na nyonga, na hilo halihitaji kununua kitu. Vigimbi kuuma siku mbili ni kawaida. Maumivu ya juu ya unyayo, sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, ni amri ya kusimama na kwenda hospitali.

Soli ikiisha, fundi anaweza kuibandika upya. Simama hapo hapo umwelekeze, kwa sababu kwa mazoea atataka kukuongezea tabaka kwenye kisigino. Mwambie unene uwe mmoja mbele na nyuma.