Hita ya maji ya jua: chagua mpako utakaovumilia siku maji yakikatika

Hita ya jua ikitumika kila siku, bamba lake, yaani karatasi ya metali inayomeza jua, halipati tabu. Maji yanayopita hulipooza, na joto lake ni nadra kuzidi nyuzi 80. Balaa huja siku za mgao wa maji, au wenye nyumba wakisafiri. Maji hayazunguki, jua la saa saba linaendelea kupiga, na bamba lenye mpako mzuri chini ya kioo linaweza kufika nyuzi 180 hadi 200. Mirija ya ombwe, yaani ya vioo viwili visivyo na hewa katikati, huvuka 200. Kwa hiyo usiishie kuuliza tangi ni la lita ngapi. Uliza mpako ni wa nini, na unavumilia joto gani bamba likiwa kavu.

Mipako bora ni ya sermeti, yaani chembe ndogo mno za metali ndani ya seramiki, na mpako wenyewe una unene usiofika elfu moja ya milimita. Inameza karibu asilimia 95 ya mwanga wa jua, kama rangi nyeusi ya kawaida. Tofauti iko kwenye joto linalotoroka. Bamba la rangi nyeusi likiwa na nyuzi 100 hutoa mionzi ya karibu wati 990 kwa kila mita ya mraba, wakati jua kali la adhuhuri huleta takriban 1,000. Sehemu hurudishwa na kioo, lakini hasara bado ni kubwa. Sermeti yenye kipimo cha utoaji wa mionzi cha 0.05 hupoteza wati 55 tu.

Joto huiharibu kwa njia mbili: chembe za metali hushika oksijeni na kupoteza weusi, na shaba ya bamba hupenya polepole hadi ndani ya mpako. Ndiyo maana tunaipanga hivi.

1. Bamba bapa lenye mpako wa titani, juu yake tabaka la silika. Hupakwa ndani ya chemba ya ombwe na huonekana wa buluu iliyoiva. Silika huzuia oksijeni na unyevu, kwa hiyo mpako unastahimili siku nyingi za bamba kuwa kavu bila kuchuja. Kwa nyumba yenye mgao, hili ndilo chaguo letu.

2. Mirija ya ombwe ya tabaka tatu. Chini kuna shaba, katikati chuma cha pua ndani ya nitridi ya alumini, juu nitridi yenyewe. Chungulia mdomoni mwa mrija: rangi ya shaba inaonekana ndani, ilhali aina ya zamani ya alumini hung'aa kama fedha. Hakuna hewa, kwa hiyo mpako hauoksidiki. Tatizo ni kioo. Mrija uliokauka mchana kutwa ukiingiziwa maji baridi ghafla hupasuka. Maji yakirudi saa nane, funga valvu na usubiri usiku, au funika mirija kwa turubai ipoe kwanza. Angalia pia ncha ya chini. Doa la fedha la bariamu likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Badilisha mrija huo.

3. Kromu nyeusi. Huvumilia karibu nyuzi 300 hewani, na hilo linatosha nyumbani, lakini lazima iwe juu ya nikeli. Bila nikeli, shaba hupanda. Mombasa au Tanga, chumvi pamoja na unyevu unaoganda ndani ya kioo hupita kwenye vitobo vidogo vya mpako, hivyo kagua kama boksi lina matundu ya hewa na mpira wa kioo haujapasuka.

4. Rangi nyeusi ya kawaida. Bei nafuu, na inafaa kupasha maji ya bwawa la kuogelea. Kwa maji ya kuogea asubuhi ya baridi ya Limuru, hapana.

Sermeti za molibdeni tumeziacha nje. Hizo ni za mitambo ya umeme kama Noor I ya Ouarzazate, Morocco, ambako mafuta huzunguka kwa karibu nyuzi 390. Ukitozwa zaidi kwa hita ya kuogea eti inahimili 500, unalipia joto ambalo paa lako halitalifikia.

Mwombe muuzaji ripoti ya ISO 22975-3, inayopima jinsi mpako unavyochakaa kwa joto, unyevu na hewa chafu. Kiwango cha kufaulu, yaani kupungua kwa utendaji wa mpako baada ya jaribio, ni 0.05 au chini yake.

Rangi ya buluu pekee si ushahidi, kwa kuwa hata rangi ya kopo huwa ya buluu. Omba kipande cha bamba kisicho na kioo. Kibandikie utepe mweusi wa umeme, kiweke juani dakika kumi, kihamishie kivulini, kisha pima papo hapo kwa kipimajoto cha infraredi, kwanza juu ya utepe, halafu pembeni yake. Mpako wa kweli utasomeka baridi zaidi kuliko utepe, kwa tofauti kubwa, ingawa vyote vina joto lilelile. Namba zikikaribiana, hiyo ni rangi ya kopo, na bei iwe ya rangi.