Samaki wa kupaka wa Majengo, ila uliza kwanza ni samaki gani

Kuna mama mmoja wa Kitanga kafungua kibanda huku Majengo, Moshi, meza nne tu, na mimi nikila pale naikumbuka safari yangu ya jahazi. Mwaka jana mwezi wa saba nilipanda Pangani kwenda Mkokotoni, Unguja, nikaambiwa ni usiku mmoja tu utafika, kumbe upepo wa kusi unatoka kulekule tunakoenda, nahodha anabisha, yaani anageuza chombo huku na huku kuukata upepo, usiku kucha, halafu alfajiri upepo ukafa, tanga limelala kama kanga kwenye kamba, tukakaa hapo mpaka jioni. Mimi mtu wa Kibosho niliyekuzwa na mtori, nilitapika mpaka nyongo. Kilichonirudisha duniani ni samaki changu wa mabaharia, wanapikia kwenye sanduku la mbao limejaa mchanga, mafiga juu yake, sufuria imefungwa kamba isiteleze, tui, limau, pilipili mbichi basi. Wali ulikuwa na mchanga kidogo, nikaula hivyohivyo.

Sasa huyu mama anaikaribia kabisa ile ladha. Samaki anachomwa kwanza kwenye mkaa mpaka ngozi ipasuke, ndo anapakwa tui zito lenye ukwaju, anarudishwa motoni, anapakwa tena, nilihesabu mara tatu. Nazi anakuna kwa mbuzi, sio zile za pakiti. Elfu nane na wali wake, sio bei ya kulalamika kwa samaki aliyetoka Tanga na barafu kwenye basi.

Ila jamani juzi Jumatatu nimeoda changu naletewa perege! Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu nimemla tangu mdogo, ile harufu ya tope hata umwage nazi tano haifichiki. Nikamwambia, mama, huyu changu mbona ana ladha ya bwawa? Akacheka, "Nisamehe mwanangu, boksi la Tanga halijafika." Si ungesema kabla sijaoda! Akanipunguzia elfu mbili, sawa, yakaisha.

Halafu wanachelewa, saa nzima unasubiri. Mi huwa napiga stori na kaka yake mzee anayekaa mlangoni, anasema baba yao alikuwa anapeleka boriti za mikoko Arabuni, kusi inawapeleka, kaskazi inawarudisha na tende. Nendeni Jumatano au Jumamosi, ndo siku za boksi. Kichwa cha Jumamosi hii msikiulizie, nimeshalipia.